Daftari la Maziwa la Mama Yetu

Sisi ni dada wawili. Wote tumeolewa, mmoja anaishi Arusha na mwingine Dar es Salaam. Kwetu ni wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, katika kihamba ambacho marehemu baba alimwachia kaka yetu, kitinda mimba. Tumekaa muda mrefu kabla ya kukubaliana kuandika habari hizi, kwa sababu ndani yake imo aibu yetu wenyewe. Hata hivyo tumeona kwamba ziko nyumba nyingi zenye mama anayetetemeka, na nyingine zina wifi au mkamwana anayenyooshewa kidole. Huenda habari zetu zikamwokoa mmoja.

Mama yetu alikuwa mwanamke wa kazi. Alifuga ng'ombe wawili wa maziwa, na kila asubuhi aliandika katika daftari lita alizokamua na jina la jirani aliyechukua. Alikuwa na mwandiko mzuri wa shule za misheni za zamani, herufi kubwa zilizosimama wima. Kumbukeni daftari hilo, tutalirudia.

Mwaka 2012 tulipokwenda nyumbani kwa Krismasi, tuliona mkono wake wa kulia ukitetemeka. Ulitetemeka alipouweka mapajani akiwa ametulia. Alipoinua kikombe, tetemeko lilipungua. Tulimwuliza, akacheka akasema ni uzee. Tuliporudi Desemba 2013, Mama hakuwa tena yule tuliyemjua. Alitembea kwa hatua fupi za kuburuta. Sauti yake ilikuwa imefifia, hata ibada ya jioni ilipofika zamu yake ya kuomba, watoto walisogea karibu ili wamsikie. Uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu mwenye hasira. Tulimletea khanga mpya, akazipokea bila hata kutabasamu. Mmoja wetu alilia usiku ule, akidhani Mama ametuchukia.

Tulivyomtilia shaka asiye na kosa

Kaka yetu alikuwa ameoa mwaka 2011, na mke wake ndiye aliyekaa na Mama pale kihambani. Majirani wawili walitujia kwa siri. Walisema, "Mama yenu alikuwa mzima mpaka huyu alipoingia. Mnaona uso wa Mama akimwona? Hamwoni kwamba anamwogopa?"

Akina mama wenzetu, sisi ni Wakristo. Tumebatizwa tungali wachanga, tunaimba kwaya, na mmoja wetu ni mzee wa kanisa. Kama mtu angetuuliza kanisani iwapo tunaamini uchawi, tungemjibu upesi kwamba hatuamini. Lakini hofu ilipoingia nyumbani, tulisahau majibu hayo. Tuliitisha kikao cha familia siku mbili baada ya Krismasi. Hatukulitamka neno "uchawi". Tulisema tu kwamba "ingefaa wifi apumzike kwao kwa muda, Mama apate utulivu." Kila mtu alielewa maana yake, naye alielewa. Alifunga nguo zake, akambeba mtoto wake mgongoni, akaondoka kwa miguu hadi barabara kuu. Kaka yetu alitutazama, asiseme neno.

Tulimtafutia Mama msichana wa kazi. Mwaka 2014 Mama alianguka mara tatu. Usiku alipiga kelele usingizini na kurusha mikono kama anayepigana na mtu. Msichana akaogopa, akaondoka. Tulimpeleka Mama katika hospitali moja, ambako hatukuulizwa mengi. Tulieleza kwamba anapiga kelele usiku, tukapewa vidonge vya haloperidoli, dawa inayotumiwa kutibu baadhi ya magonjwa ya akili. Baada ya wiki chache Mama alikakamaa kama gogo. Ilibidi kumgeuza kitandani. Nasi tukazidi kuamini kwamba kuna mkono wa mtu.

Aliyetuzuia tusiende kwa mganga ni mchungaji wetu. Alikuja kumwombea Mama, na alipomaliza alituambia waziwazi kwamba kuomba hakumzuii mtu kwenda hospitali kubwa, na kwamba kumfukuza mke wa watu bila ushahidi ni jambo ambalo Mungu atatuuliza. Tulikasirika. Lakini mwezi uliofuata tulimpeleka Mama hospitali ya rufaa.

Maswali ya daktari

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana. Alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani, na sasa alikuwa akijifunza magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu chini ya mwalimu wake. Alimwamkia Mama, "Shikamoo Bibi," akavuta kiti akakaa karibu naye. Kisha hakufanya chochote kwa muda. Alimtazama tu. Tulidhani hajui pa kuanzia. Baadaye tulifahamu kwamba hapo ndipo kazi yake ilipoanza.

Alimwomba Mama agonganishe kidole cha shahada na kidole gumba mara kumi, kwa haraka na kwa upana. Mkono wa kushoto uliweza kiasi. Wa kulia ulianza vizuri, ukapungua, ukasimama. Akamshika kiwiko na kukikunjakunja polepole, akatuonyesha jinsi mkono unavyokwama na kuachia, kama gurudumu lenye meno. Akamwambia ainuke kitini bila kujishika, atembee hadi mlangoni na kugeuka. Mama aligeuka kwa vihatua vidogovidogo vingi. Mwisho daktari alisimama nyuma yake, akamvuta mabega ghafla huku akiwa tayari kumdaka, nasi tukaona jinsi Mama asivyoweza kujizuia asianguke.

Ndipo akatugeukia. "Tetemeko lilianza mkono upi? Kabla ya kutetemeka, mkono huo ulikuwa unapunga akitembea? Alianza lini kupoteza harufu? Choo anapata vizuri? Kelele za usiku zilianza kabla ya tetemeko au baada yake? Hebu nione dawa zote anazokunywa."

Dawa tulikuwa nazo. Maswali mengine hatukuweza kuyajibu hata moja. Tulitazamana. Sisi tulimwona Mama mara moja kwa mwaka.

"Nani anaishi naye?" daktari akauliza. Tulikaa kimya. "Nahitaji mtu huyo," akasema. "Ugonjwa ninaoufikiria hauna kipimo cha damu cha kuutambulisha. Hutambuliwa kwa kumtazama mgonjwa, kumpima kwa mikono na kusikia historia yake. Nusu ya kipimo changu iko kwa mtu anayeishi na Bibi."

Daftari la maziwa

Ndugu msomaji, fikiria safari hiyo. Tulikwenda kwa wazazi wake wifi yetu, wilaya ya jirani, sisi wawili tu. Alitukuta uani akifua. Hatukukaribishwa chai, na hatukuistahili. Tulimwambia daktari anauliza maswali ambayo ni yeye tu awezaye kuyajibu.

Angeweza kutufukuza, lakini alisimama na mikono yenye povu akajibu kila swali. Alisema kwamba tangu siku aliyoolewa, mkono wa kulia wa Mama haukuwa ukipunga akitembea, ulining'inia tu. Alisema Mama hakusikia harufu ya maziwa yakiungua jikoni hata akiwa ameketi karibu nayo, na kwamba wao wawili walikuwa wakilicheka jambo hilo. Kelele za usiku alizikuta tayari, na kaka yetu alimwambia zilikuwapo tangu zamani. Kisha akasema, "Tazameni daftari la maziwa. Liko kwenye sanduku lake, chini ya khanga. Yako mengi, tangu mwaka 2008. Tazameni herufi."

Tuliyapata madaftari yale na kuyapeleka hospitali. Daktari aliyapanga mezani kwa miaka. Ya mwaka 2008, herufi kubwa zilizosimama wima. Ya mwaka 2010, mstari ulianza vizuri, lakini kuelekea mwisho maneno yakawa madogo. Mwanzo wa mwaka 2011, wiki kadhaa kabla ya harusi ya kaka yetu, herufi zilikuwa kama punje za ulezi. Daktari alitueleza kwamba mwandiko unaozidi kuwa mdogo ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wa Parkinson, na kwamba kupotewa na harufu, kufunga choo na kupiga kelele usingizini huweza kutangulia tetemeko kwa miaka mingi.

Ugonjwa ulikuwa umeingia katika nyumba yetu kabla ya wifi yetu kuingia. Mama mwenyewe alikuwa ameuandika kwa mkono wake, kila asubuhi, na sisi hatukusoma.

Ugonjwa huu ni nini?

Daktari alitufafanulia kwa subira. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, kinachosaidia kuuongoza mwendo wa mwili. Katika ugonjwa wa Parkinson seli hizo hufa polepole. Mwili huwa mzito, hukakamaa, mara nyingi hutetemeka ukiwa umetulia, na kwa kawaida huanzia upande mmoja. Misuli ya uso nayo hupunguza mwendo, ndiyo maana mgonjwa huonekana amenuna hata moyo wake ukiwa na furaha. Tuliposikia hilo tulikumbuka zile khanga. Mama hakuwa ametuchukia. Alikuwa akitabasamu ndani, mahali tusipoweza kuona.

Na uso ule ambao majirani walisema ni wa kumwogopa mkamwana, ulikuwa ni uso wake kwa watu wote.

Ile haloperidoli ilikuwa imezidisha hali, kwa kuwa dawa hiyo huzuia kazi ya dopamini, kitu kilekile alichokuwa amepungukiwa. Daktari aliipunguza mpaka ikaisha, akasema ni lazima tusubiri, kwa sababu dawa za namna hiyo zinaweza zenyewe kuleta hali inayofanana na Parkinson, na huchukua wiki au hata miezi kuondoka. Ukakamavu ulipungua, lakini mkono wa kulia haukubadilika. Ndipo akaanza kumpa levodopa pamoja na kabidopa. Levodopa hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo, na kabidopa huizuia isigeuke kabla ya kufika huko, ili pia ipunguze kichefuchefu. Alianza na kiasi kidogo, akaongeza taratibu. Hakutuficha kwamba dawa hii haiponyi wala haizuii seli kufa, bali humrudishia mgonjwa sehemu ya mwendo wake kwa miaka kadhaa.

Wiki ya tano Mama alijifunga khanga mwenyewe.

Shule ndefu ya kutazama

Siku moja tulipokuwa tukisubiri zamu, tulimwuliza yule daktari alijifunza wapi kumsoma mtu hivyo. Alicheka. Akasema alisoma udaktari miaka 5, akafanya mazoezi ya kazi mwaka 1, akasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani zaidi ya miaka 3, na sasa anasoma magonjwa ya mishipa ya fahamu. Baada ya hapo alitaka kwenda nje ya nchi kwa mwaka mmoja au miwili kujifunza matatizo ya mwendo peke yake. Alikuwa na mtoto wa miaka minne, anayelelewa na bibi yake. Baadhi ya ndugu wa mume wake walimwuliza atasoma mpaka lini, na kama mume wake hana mke.

Tulimwuliza, je, kuna mengi kiasi hicho ya kujifunza katika kutetemeka? Akatuambia kwamba mwanafunzi wa fani hiyo hujifunza kwanza kuupa kila mwendo jina lake. Kuna tetemeko la kutulia, kama la Mama. Kuna tetemeko la kutenda, ambalo huonekana mtu akimimina chai au akiandika. Hilo mara nyingi hurithiwa katika ukoo, si Parkinson, na lina dawa nyingine kabisa. Kuna kutetemeka kunakoletwa na tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, au na dawa. Kuna distonia, ambapo shingo au mkono hujikunja na kubaki umepinda, na mara nyingine hutibiwa kwa sindano inayolegeza msuli. Kuna ugonjwa wa Wilson, ambapo madini ya shaba hujilimbikiza katika ini na ubongo wa kijana. Huo ukitambuliwa mapema hutibika, na ukichelewa humwangamiza. Kwa hiyo kukosea jina kunaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Lililotugusa sana sisi kama mama ni lile la watoto. Mtoto, mara nyingi wa kati ya miaka 5 na 15, na zaidi wasichana, anaweza kuugua koo, akapona, kisha wiki au miezi baadaye akaanza kuchezacheza mikono na uso bila kutaka. Anaangusha kikombe, mwandiko unaharibika, analia ovyo. Shuleni anachapwa kwa utundu, nyumbani anaitwa mzembe, na wengine husema ana pepo. Hali hiyo huitwa korea ya Sydenham, na ni tawi la homa ya baridi yabisi, ile inayoweza kuharibu moyo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kupimwa moyo na kupewa penisilini kwa muda mrefu ili homa isirudi. Mama anayeijua dalili hii anaweza kuuokoa moyo wa mwanawe.

Alitueleza pia kwamba daktari James Parkinson wa London, aliyeandika habari za ugonjwa huu mwaka 1817, alieleza hali za watu sita tu, na baadhi yao alikuwa amewaona njiani wakipita. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na macho na subira. Leo zipo mashine za kupiga picha ya ubongo, na katika nchi nyingine upo upasuaji wa kuingiza nyaya nyembamba ndani ya ubongo ili kutuliza mwendo, lakini bado ni jicho lililofundishwa linaloamua nani anafaa kwa lipi.

Nasi tukashangaa kusikia habari za wilaya yetu wenyewe. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba hapa Hai kuwatafuta wagonjwa wa Parkinson, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya watu 161,071 waliwapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa kabla ya hapo wala kuanza dawa. Walikuwa wamekaa majumbani, kila mmoja na jina alilopewa na majirani. Nchi yetu ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 61 katika sensa ya mwaka 2022, na madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu bado ni wachache sana. Chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hii ya mwendo, kilichoanzishwa mwaka 1985, kimekuwa kikiendesha kozi fupi katika nchi za Afrika ili madaktari na wauguzi wa kawaida nao wajifunze kuzitambua dalili. Hilo ni jema, kwa kuwa mgonjwa wa kijijini hukutana kwanza na muuguzi au mganga wa zahanati, si na bingwa.

Mama anakuwa mwalimu

Siku ile yule daktari aliomba jambo. Alitaka kumpiga Mama picha ya video akitembea, kabla ya dawa ya asubuhi na baada yake, ili itumike kufundishia. Fani hii hufundishwa sana kwa video, alisema, kwa sababu mwendo hauonekani katika picha iliyosimama. Sisi tulikataa mara moja. Mama yetu aonyeshwe kwa wageni akiburuta miguu? Heshima yake iko wapi?

Mama, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kurudi, alituuliza, "Mimi nimekufa?" Tukanyamaza. Akasema, "Bwana mifugo alikuwa akija na wanafunzi wake kumshika ng'ombe wangu, nami sikuwafukuza. Ng'ombe alipona. Waje wanishike na mimi." Akamwambia daktari, "Piga, mwanangu. Ila nisubiri nifunge kilemba vizuri."

Kuomba msamaha

Limebaki lile lililo gumu kuliko yote. Mwezi wa sita mwaka 2015 tulikwenda tena kwa wazazi wa wifi yetu, safari hii pamoja na kaka yetu, mchungaji na wazee wawili wa ukoo. Tulibeba mbuzi, na mzee mmoja alishika jani la isale, kama ilivyo desturi ya Wachaga mtu anapokwenda kuomba radhi kwa kosa zito. Tulipiga magoti sisi wawili mbele yake. Tulilitamka lile neno ambalo hatukulitamka kikaoni. Tulisema, "Tulikudhania mchawi. Tulikosa."

Alinyamaza muda mrefu, mtoto akiwa amemshika sketi. Kisha akasema, "Sikuhitaji mbuzi, wifi zangu. Nilihitaji mniulize. Mngeniuliza siku ile, ningewaambia habari za mkono wake, na Mama asingeanguka mara tatu."

Alirudi kihambani baada ya wiki mbili, kwa ajili ya kaka yetu na kwa ajili ya Mama. Kwetu sisi alichukua muda, naye alikuwa na haki. Yeye ndiye aliyesimamia dawa kwa miaka yote iliyofuata. Alifungua ukurasa mpya katika daftari la maziwa, akawa anaandika saa ya kila kidonge na jinsi Mama alivyoamka. Miaka ya mwisho, dawa ilipoanza kuisha nguvu kabla ya saa yake, na mwili wa Mama ukawa unachezacheza muda fulani baada ya kumeza, ni daftari hilo lililomsaidia daktari kugawa upya vidonge. Mama alifariki mwaka 2022, kitandani mwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkamwana wake.

Mambo tunayowaachia

Akina mama wenzetu, hatuandiki kama wataalamu. Haya ni machache tuliyofundishwa na kuyaona kwa macho yetu.

Mzazi akianza kutetemeka, kupungua sauti, kuandika kwa herufi ndogo, kutembea mkono mmoja ukining'inia, au kununa pasipo sababu, msiseme ni uzee wala msimtafute mchawi. Nendeni hospitali, na mkiambiwa mambo yasiyoeleweka, ombeni rufaa.

Nendeni na mtu anayeishi na mgonjwa. Chukueni dawa zote anazokunywa, hata za kichefuchefu au za usingizi, kwa maana baadhi yake huongeza ugonjwa.

Levodopa inywewe kwa saa zake, ikiwezekana nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu nyama, maharage na maziwa huweza kuipunguza nguvu kwa baadhi ya wagonjwa. Isikatizwe ghafla hata siku moja, maana ni hatari. Fedha zikipungua, mwambieni daktari kabla vidonge havijaisha.

Jirani yetu mmoja alituletea mbegu za upupu, akisema zinatibu kutetemeka. Daktari hakumcheka. Alisema ni kweli mbegu za upupu zina levodopa, na wataalamu wamezifanyia utafiti. Lakini nyumbani huwezi kujua kiasi kilichomo, na kuzichanganya na vidonge kunaweza kumletea mgonjwa kutapika na kushuka kwa presha. Msijaribu wenyewe.

Mgonjwa asiachwe kukaa siku nzima. Mama alitembea kila jioni hadi kwenye mfereji na kurudi, wifi yetu akimhesabia hatua kwa wimbo wa kwaya, na kwa wimbo alitembea vizuri kuliko bila wimbo.

Na la mwisho. Ukiwa na binti, mkamwana au wifi anayetaka kusoma zaidi, usiwe wa kwanza kumwuliza atasoma mpaka lini. Yule daktari wetu alikwenda nje, akakaa huko miezi 18, na mama yake akamlelea mtoto. Aliporudi, alianza kuwafundisha wauguzi na madaktari wa zahanati, siku moja kila mwezi. Tunaambiwa kwamba katika somo la kwanza huwaonyesha bibi mmoja mwenye kilemba kilichofungwa vizuri akitembea kuelekea mlangoni na kugeuka, kisha huwauliza, "Mmeona nini?"